Madebe Sita kwa Dirisha Moja

Mmeniomba niandike, nami nimekaa wiki mbili nikiitazama karatasi. Kazi ya kubeba naijua. Hii ya kuandika ndiyo kwanza naianza, tena uzeeni. Kilichonifanya nishike kalamu ni swali la vijana wawili wa dukani, siku ile mliyoniaga kwa saa ya mkononi na hotuba ndefu kuliko safari ya Shimanzi. Waliniuliza kwa nini kumpelekea mtu gesi nyumbani kunagharimu sana, na vipi gharama hiyo itapunguzwa. Niliwajibu kwamba mtungi ni mpya lakini swali ni la zamani. Tulipokuwa tukiuza mafuta ya taa kwa madebe, swali hilo nusura limhamishe mwanamke mmoja nyumbani kwake. Nitaeleza habari hiyo. Ya vyeo na mishahara nayaacha, kwani aliyepandishwa ajua, na aliyerukwa ajua zaidi.

Niliingia kazini vita vya pili vikiwa vimeshaanza, nami nina miaka ishirini na nguvu nyingi nisizojua pa kuziweka. Duka la Bwana Awadhi lilikuwa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, mlango mmoja na dirisha moja, na harufu ya mafuta uliyoisikia kabla hujaliona. Bwana Awadhi alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa asili ya Hadhramaut, aliyezaliwa papa hapa Mombasa, mtu mfupi mwenye miwani aliyoivaa kwenye paji la uso na kuitafuta kutwa. Mafuta yalitoka kwenye maghala ya Shimanzi ndani ya mapipa, yakasukumwa kwa mkokoteni hadi dukani, kisha sisi tukayatia kwenye madebe ya wateja. Kila nyumba ilikuwa na madebe mawili yenye alama yake ya rangi, moja nyumbani na moja kwetu. Madebe yale hayakuwa wazi juu. Yalichomelewa kifuniko cha bati na kuachiwa tundu dogo la kumiminia, lenye kizibo cha mti. Kumbukeni tundu hilo, maana lilikuja kuniaibisha.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Kombo, nami kama wenzangu nikamwita Ami Kombo. Alikuwa amebeba mizigo bandarini miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na mabega yake yalikuwa na sugu mbili pale mzegazega ulipokaa. Kwa msiojua, mzegazega ni mti unaolazwa begani, debe moja likining'inia mbele na jingine nyuma. Alinitazama nikilinyanyua debe langu la kwanza kwa kishindo, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, weye walibeba debe kama lililokutukana. Lipende kidogo."

Sikumsikiliza. Nilipanda na debe lile ngazi tatu za nyumba moja huko Kuze, mbio mbio, ili nionekane. Nilipofika juu nikapiga hodi, sauti ya kike ikanijibu nyuma ya mlango kwamba debe la mwanzo bado lina mafuta, kwa hiyo sina debe tupu la kurudi nalo, na hili jipya halina pa kuwekwa mpaka bwana arudi kutoka kazini. Aliyetuma ujumbe wa kuagiza mafuta ni mama mkwe, aliyeogopa kwamba vita vitayamaliza. Nikashuka na debe langu likiwa limejaa vile vile. Ami Kombo alikuwa amekaa barazani akitafuna tambuu.

"Umepeleka n'ni?" akaniuliza.

"Sikupeleka kitu, Ami. Nimerudi nalo."

"Umepeleka miguu," akasema. "Na miguu ndiyo ghali. Mafuta ni rahisi."

Nilidhani ni maskhara ya wazee. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba siku ile alinifundisha kazi yote, na iliyobaki ilikuwa ni kuirudia.

Alinifundisha na mengine. Ngata ya kichwani isokotwe kwa kitambaa kikavu, maana kilichoingia mafuta huteleza. Kizibo kilowekwe kabla ya kupigiliwa. Ukipita kwenye kichochoro chenye watoto wanaocheza, piga kelele mapema. Na kabla hujajaza debe lolote, lipindue, ulitikise, kisha ulinuse. Alikuwa akifanya hivyo kwa kila debe, hata la nyumba ya kadhi, bila ya kumwonea mtu haya. Mimi nilifanya hivyo alipokuwa akinitazama.

Kuna jambo moja ambalo ninyi wenye kupiga honi mlangoni hamlijui tena. Kwenye nyumba nyingi za mji wetu mwanamume mgeni hakuwa akivuka daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni. Ulipiga hodi mara tatu, ukangoja. Kama mna mwanamume au mzee wa nyumba, mambo mepesi. Kama hamna, mnasemezana kupitia mlango, na mara nyingi unaambiwa urudi baada ya alasiri. Heshima hiyo niliipenda na ninaipenda hata leo, lakini mpeleka mafuta alilipa kwa visigino.

Katika kichochoro kimoja chembamba nyuma ya duka, ambacho mkokoteni haukuweza kuingia hata kwa ubavu, aliishi Bi. Mwanaisha. Alikuwa mjane, hakujaaliwa watoto, na chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Alishona kofia kwa mkono, zile zenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi, na kofia yake moja ilimchukua mwezi na zaidi. Nyumba za kichochoro kile zilisogeleana sana hata jua likaingia chumbani kwake kwa saa chache tu. Baada ya alasiri alishona kwa taa. Taa ile ndiyo iliyomlisha.

Sikuwahi kuuona uso wake. Nilimjua kwa sauti, na kwa mkono uliokuwa ukitoka penye mlango na sahani.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Bi. Mwanaisha. Athumani wa mafuta."

"Karibu, mwanangu. U hali gani? Mamako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Mwambie nimepokea. Liweke hapo dakani, na ushuke pole pole, ngazi hizi zina wazimu. Twaa mahamri haya, usile ukitembea."

Nilikula nikitembea. Alijua, kwa sababu alikuwa akichungulia dirishani, na safari ya pili alinikanya. Kwa kweli nilimpenda mwanamke yule kama mtu anavyompenda shangazi yake, na nilikuwa nikimwekea debe lililojaa hadi shingoni.

Siku moja, tukizungumza vile vile mlango ukiwa kati yetu, alinieleza habari ya Hamadi. Huyu alikuwa mtoto wa kaka yake, mwenye duka huko Malindi, mtu mwema asiyependa kusikia kwamba shangazi yake akaa peke yake. Kila mwaka alikuja kumtaka wende naye.

"Nimemwambia neno moja," akasema Bi. Mwanaisha. "Mwezi n'takaoshindwa kuiwasha taa yangu mwenyewe, na aje anitwae. Sitambishia. Lakini maadamu yawaka, mimi ni wa hapa."

"Na Malindi hupendi?"

"Malindi ni kwema. Lakini huko n'takuwa mgeni wa mke wa mtu."

Vita vikaendelea. Bandarini Kilindini meli zikawa nyingi, wapagazi wakakimbilia huko kwenye ujira mkubwa, na waliobaki mjini wakajua thamani yao. Mapipa kutoka Shimanzi nayo yakapunguzwa, na bati likaadimika hata kila nyumba ikabaki na debe moja tu. Bwana Awadhi alikuwa akitoza kidogo juu ya kila debe kwa ajili ya kulipeleka, na sasa kile kidogo hakikutosha hata kumlipa wa mkokoteni. Akakiongeza. Wateja wakalalamika, wengine wakaanza kuagiza nusu debe ili walipe kidogo, na hapo tukazidi kuumia, kwani nusu debe hupanda ngazi zile zile za debe zima. Akakiongeza tena.

Asubuhi moja, wiki chache kabla ya Ramadhani, alituita mimi na Ami Kombo, miwani pajini.

"Niambieni kweli, mimi nauza mafuta au nauza ngazi?"

Akajijibu mwenyewe.

"Wallahi nimechoka. Mwezi huu ukiisha, pasipoingia mkokoteni sipeleki. Anayetaka aje na debe lake mwenyewe."

"Na wasio na mtu wa kuja?" nikauliza.

"Mungu yupo," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa huruma aliyeelemewa, na mtu wa namna hiyo ndiye anayekata shauri kali zaidi.

Nilifahamu mara moja maana yake kwa kichochoro kile. Nyumba nyingine zingeona taabu, lakini zina waume na ndugu. Bi. Mwanaisha asingesimama dukani na debe kati ya wapagazi, na magoti yake yalikuwa yameshamkatalia ngazi. Taa ingezimika na Hamadi angekuja, na shangazi yake ameshasema hatambishia. Nilimwomba Bwana Awadhi anipe mwezi ule mmoja, nikatafute miguu yetu inapotelea wapi. Alinitazama kama anayesikiliza habari za jini, akasema haya.

Ami Kombo ndiye aliyenionyesha pa kuanzia. Aliniambia nijaze mfuko mmoja wa koti kokwa za tende, na kila nikipanda ngazi nihamishe kokwa moja mfuko wa pili. Nikipanda na kushusha mafuta, nihamishe kokwa safi. Nikipanda bure, nihamishe niliyoikwangua kwa kisu. Nilifanya hivyo wiki nzima, na mke wangu akidhani nimeingia uganga. Ijumaa tukazimwaga barazani. Kokwa zilizokwanguliwa zilikuwa nyingi kuliko nzima.

Tukakaa kuzikumbuka moja moja. Hii ni ya hodi isiyojibiwa. Hii ni ya nyumba iliyotuma ujumbe mafuta yalipokwisha kabisa, nasi tumeshatoka kichochoro hicho hicho saa moja nyuma. Hii ni ya debe ambalo halijawa tupu. Na hizi nne nzima ni za nyumba nne jirani, kila moja siku yake, ambazo zingeweza kupelekewa siku moja. Wateja hawakuwa wakilipia mafuta, wala hawakuwa wakilipia kupelekewa. Walikuwa wakilipia kurudi kwetu bure, na hakuna aliyewaambia.

Basi nikaenda chini ya dirisha la Bi. Mwanaisha nikamweleza yote, pamoja na shauri la Bwana Awadhi. Sikutaka alisikie kwa mwingine. Alinisikiliza hadi nilipomaliza.

"Athumani, hizi nyumba nyinyi wanaume mwaziona sita," akasema. "Huku juu ni moja."

Sikuelewa. Akanifahamisha. Nyumba yake na ya mbele yake ziliunganishwa na wikio, kile kidaraja cha juu kinachovuka kichochoro kutoka ukuta hadi ukuta. Nyingine zilikuwa na milango ya ndani iliyotobolewa zamani na wazee wao, ili wanawake watembeleane bila ya kutoka nje. Nimepita chini ya wikio lile mara mia, na sikuwahi kufikiri kwamba juu yake hupita kitu zaidi ya paka. Kumbe kila siku hapo hupita sahani, watoto, habari na mafurushi ya vitambaa. Na wao kwa wao walijua nani amebakiwa na mafuta kiasi gani kuliko duka zima la Bwana Awadhi.

"Leta madebe yote sita siku moja, uyalete kwangu," akasema. "Sisi tutayagawa."

"Nyumba yako ndiyo yenye ngazi mbaya kuliko zote."

"Basi usipande. Una kamba?"

Ami Kombo alipousikia mpango huo alicheka mpaka tambuu ikampalia, kisha akaenda nyumbani kwake akarudi na roda, gurudumu la chuma la kupitishia kamba, alilokuwa nalo tangu siku zake za bandarini. Siku ya pili mume wa jirani mmoja aliifunga kwenye boriti iliyotokeza juu ya dirisha. Mimi ningesimama chini na kuvuta, debe lingepanda, na mikono ya kike ingelivuta ndani na kufungua kulabu. Hakuna hodi, hakuna daka, hakuna kungoja bwana arudi kazini, na hakuna aliyemwona mwenziwe uso. Tukachagua Jumatano.

Jumatano ya kwanza iliangukia siku mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani. Asubuhi madebe matupu sita yakateremshwa, na jamani, yaling'ara. Wanawake wale hawakuzoea kurudisha chombo cha mtu kikiwa kichafu. Sahani ya jirani hurudi imeoshwa, na ikiwezekana na kitu ndani yake. Basi na madebe wakayasugua kwa majivu nje, wakayasuza kwa maji ndani, wakayapangusa, na moja likafungwa ua la asumini penye kizibo. Nikayapeleka dukani nikijiona nimekuwa waziri.

Nilipolinyanyua la kwanza nililisikia. Maji yalikuwa yakicheza ndani, kiasi cha kikombe hivi, kwa sababu tundu lile dogo halikuyaacha yatoke yote. Nilijua la kufanya: lipindue, ulitikise, ulinuse, na kama lina maji liache juani. Lakini jua lingetaka siku nzima, na madebe yangekaa yamepinduliwa mbele ya duka, kila mpita njia akiona kwamba kina mama wa kichochoro kile wameyaosha vibaya. Niliona haya kwa niaba yao. Watu wamejisumbua hivi, nami niwarudishie aibu? Nikajiambia maji kikombe kimoja ndani ya debe zima si kitu. Ami Kombo alikuwa amekwenda Shimanzi. Nikayajaza yote sita, nikayapandisha yote sita, na kina mama wakanipigia kigelegele kutoka juu.

Mafuta na maji hayapatani, lakini yakitikiswa njia nzima hukaa pamoja kwa muda. Nyumba zile zilikuwa zimeishiwa, zikamimina taani pale pale. Magharibi ilipoingia, taa za kichochoro kizima zikaanza kulia chwi chwi, zikafifia, na moja baada ya nyingine zikazimika. Ya Bi. Mwanaisha ilifanya zaidi: ikarusha tone la maji kwenye kioo chake kilicho moto, na kioo kikapasuka vipande. Wakati ule wa vita kioo cha taa hukukipata kwa kukitaka tu.

Asubuhi mtu mmoja mwenye sauti kubwa alisimama mbele ya duka na kusema Awadhi atia maji kwenye mafuta.  Bwana Awadhi alikaa kwenye kiti chake, miwani machoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanitazama. Ningependelea anipige.

"Ni mimi," nikamwambia. "Madebe yalikuwa na maji, niliyasikia, nikaona haya kuyarudisha."

"Uliona haya," akasema. "Sasa haya yako iko wapi? Nenda ukawaambie wao."

Nikaenda. Nilisimama chini ya wikio, nikasema kwa sauti ya juu mbele ya madirisha yote kwamba kosa ni langu, kwamba mwenye duka hana hatia, na kwamba niliyajua maji nikayanyamazia.  Kisha sauti ikasema, "La, sisi ndio tuliosuza." Nyingine ikasema, "Mimi ndimi niliyewaambia wasuze." Ya tatu ikasema yeye ndiye aliyeleta maji. Nikabisha, wakabisha, na kila mmoja akaling'ang'ania kosa kama urithi. Bi. Mwanaisha peke yake hakusema kitu. Nikamwita.

"Nakusikia, mwanangu. Usiku nilikaa na kofia gizani. Sikujua niitie wapi sindano."

Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma ninapoyaandika.

Ami Kombo hakunikemea. Tuliyashusha madebe yote, tukayaacha dukani yatulie mpaka siku ya pili, maji yakakaa chini kama ilivyo desturi yake. Tukayavuta mafuta ya juu kwa mpira, na tone chafu la mwisho tukalimwaga. Madebe yenyewe tuliyaanika juani yamepinduliwa, kweupe, mbele ya duka, na hakuna mpita njia aliyejali. Yalipokauka tukayajaza tena, kisha Ami Kombo akafika kwake, akarudi na kioo cha taa kimefungwa kwenye shuka.

"Mpelekee Bi. Mwanaisha. Chaingia, taa zetu ni sawa."

"Na weye, Ami?"

"Mimi nina koroboi. Mato yangu yashaona ya kutosha."

Alikaa Ramadhani nzima na mkewe kwa koroboi, kile kibati chenye utambi na moshi mwingi, na hakukitaja tena kioo kile mpaka alipofariki. Mkinitaka niwaambie nani aliyenifundisha kazi, ndiye huyo.

Jumatano iliyofuata madebe yaliteremka makavu, machafu nje, mazuri ndani. Nikayapindua, nikayatikisa, nikayanusa mbele ya madirisha, na kina mama wakanicheka. Baada ya wiki chache Bwana Awadhi aliniomba kokwa zangu za tende. Kichochoro kile, kilichokuwa kikitula kokwa nyingi kuliko mitaa miwili ya barabarani, sasa kilikuwa na kokwa moja kwa wiki, ya safari ile ya Jumatano, nayo haikukwanguliwa.  Alipunguza ujira wa kupeleka kwa nyumba zile sita, ukawa mdogo kuliko kabla ya vita, kisha akaniuliza kama Ami Kombo ana roda nyingine.

Hivyo ndivyo ninavyowajibu, vijana wangu. Msianze na bei. Anzeni na kokwa. Mteja akiagiza mtungi ukiwa umekwisha kabisa, mnakimbia nyinyi na analipa yeye. Mfundisheni aagize ungali na robo. Nyumba za jengo moja zijuane siku. Muulizeni mwenye nyumba kabla ya kupanga, kwa sababu yeye ajua njia ambazo nyinyi mkiwa kwenye gari hamzioni. Na chombo kikiwa na kasoro, semeni papo hapo, hata kama kimefungwa asumini.

Habari ya taa iliyozimika ilikuwa imefika Malindi. Habari za namna hiyo hazingoji basi. Baada ya Idd, Jumatano asubuhi, nikiwa nimeshapandisha debe la tatu, akaingia kichochoroni mtu mnene wa kanzu na koti, nyuma yake mpagazi na sanduku tupu. Alisimama chini ya dirisha akatazama juu.

"Shangazi, ni mimi Hamadi. Nimekuja kukutwaa."

"Karibu, mwanangu. Ngoja mafuta yapande."

"Shangazi, ulisema mwenyewe. Taa ikizimika nije, na ilizimika."

Nikaishika kamba, sikuivuta. Nilikuwa nimesimama kati ya mtu na ahadi aliyopewa, na aliyeizima taa ile ni mimi.   Bi. Mwanaisha naye hakuwa mtu wa kuvunja neno lake.

Kisha dirisha la mbele likafunguka kidogo. "Akenda yeye, sisi mafuta tutayapokea wapi?" Na la tatu: "Roda iko kwake, na ajuaye nani ana nini ni yeye." Na la nne, sauti ya mzee asiyesikia vizuri: "Nani yuwenda? Hakuna wa kwenda!"

"Umewasikia wenyewe," akasema Bi. Mwanaisha. "Hamadi, siku ile nilisema taa yangu. Sasa ni taa sita. Yangu nina ruhusa ya kuizima, hizi tano ni za watu."

Hamadi alivua kofia akajipangusa jasho. Ilikuwa kofia ya mkono wake shangazi, niliutambua ushonaji.

"Na chumba, Shangazi? Mke wangu ashakipaka chokaa. Ameshanunua na kitanda."

"Kipangisheni."

Hamadi akatazama sanduku, akatazama dirisha. Kisha akampa mpagazi ujira wake akamwambia arudi na sanduku tupu. Akavua koti, akalitundika kwenye komeo la mlango, akaja nyuma yangu akaishika kamba, kwa sababu madebe matatu yalikuwa bado chini.